Nje kwa Dhamana

Lugha yangu ina neno moja kwa mambo mawili:
dhamana ya kabati na dhamana ya mahabusu.
Wateja wangu wa Dundee hawalijui hilo.
Wao wanaona karatasi nene, nembo ya msumeno,
miezi kumi na miwili, sahihi yangu chini.
Mimi namwona hakimu akiniambia: haya, nenda kwako,
ila ukiitwa, uje.

Nami huitwa.
Jumatatu, kungali giza, simu inatetemeka juu ya dashibodi:
"Bwana Mhina, droo ya vijiko inalia."
Inalia!
Nikaacha sakafu ya watu nusu, kopo la gundi li wazi,
nikavuka mji, nikalipia maegesho pauni nne na peni themanini,
nikapanda ngazi za mawe hadi ghorofa ya tatu
kuzungusha bisibisi robo mzunguko.
Robo.
Chai niliyotengewa ilikuwa bado haijapoa.

Innes Rattray, aliyenifunza kazi za huku,
alikuwa na sheria zake, alizitamka sigara ikiwa mdomoni:
Pokea kabla simu haijaita mara tatu.
Lalamiko ni plasta, likikauka utalibandua kwa tindo.
Usimwambie mtu "hili ni dogo";
ni dogo kwako wewe unayeondoka,
yeye analala nalo.
Na usiulize nani kaning'inia kwenye mlango.
Mtazame mtoto tu. Mtoto atatazama dirishani.

Wapo wenzetu ambao simu zao hazina chaji
hadi mwezi wa kumi na tatu.
Siwasemi. Dizeli naijua bei yake.

Senga Petrie anakaa Hilltown,
katika jengo walilojengewa wasokota juti.
Sakafu imeinama kuelekea mtoni;
weka kitunguu mlangoni, kitajiendea jikoni chenyewe.
Bibi yake alisokota juti humu, babu yangu alikata katani Tanga,
na mimi na yeye tumezungumzia bawaba tu.
Mlango niliufunga Aprili. Oktoba ukaanza kuburuza.
Nikaja na randa. Novemba, kitasa. Nikaja.
Desemba, anasema, mlango unanong'ona.
Nikaja, nikauegemezea sikio kama daktari,
nikapaka nta, nikaondoka bila kumwambia
kwamba kosa si la mlango, ni la miaka mia na ishirini ya nyumba.
Nani anataka kuambiwa hivyo kabla ya Krismasi?

Kisha kimya. Januari, Februari.
Nikasema: umetulia sasa. Nikajisifu hata.

Machi nikamkuta kwenye foleni ya pai.
"Mlango je?"
"Aa, usiku unajifungua wenyewe. Lakini nimeupatia dawa.
Jambo dogo, sikutaka kukusumbua."

Pai ikanishinda. Nikaomba nikauone.
Chini ya mlango palikuwa na karatasi imekunjwa mara nne,
imesokomezwa barabara, kazi safi kabisa.
Nikaikunjua: msumeno, miezi kumi na miwili,
sahihi yangu, imekanyagwa.
"Karatasi nzuri hiyo," akasema Senga. "Haibonyei."

Zilibaki siku kumi na tisa.
Nikatia kibanzi chembamba nyuma ya bawaba ya chini,
nikaufungua mlango nusu, nikauacha.
Ukasimama pale pale nilipouacha.
Karatasi nikaipiga pasi kwa kiganja, nikamrudishia,
naye akaiweka kwenye droo, akiba,
maana meza nayo ina mguu mfupi.

Nikashuka Hilltown taa zikiwashwa.
Simu mfukoni, kimya.
Pale juu ya kinyozi niliweka kabati. Pale kwa Wapolandi, ngazi.
Pale penye pazia la kijani, milango mitatu,
na hawajaniita hata mara moja.